Nilimnyima Raundi Mbili Bondia Anayeishi Kwangu

Bi Mwanaharusi, pole na kazi ya kusikiliza matatizo ya watu, na leo naomba unisikilize na mimi hata kama ni kwa kunigombeza, kwa sababu nimechoka na nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, nafanya kazi kwenye ofisi ya kilimo Chamwino na nakaa Mkonze, na mbali na kazi ya ofisi ni jaji wa ngumi, nilisomea enzi za marehemu mume wangu alipokuwa kocha, na kwa kuwa wanawake tunaojaza kadi za pointi ni wachache nimekaa miaka mingi nikipewa mapambano ya utangulizi tu, yale ambayo watu bado wanatafuta viti. Vyumba vya uani nimepangisha, na kimoja anakaa Abdulnasiri, kijana wa Kondoa, fundi wa kuchomelea mageti na bondia wa uzito wa welter, huu ni mwaka wa tatu yuko kwangu, nikiumwa ndiye anayenipeleka zahanati. Alikuwa ameshinda mapambano tisa mfululizo, lakini watu wa Dar wakawa wanasema amepiga wachovu, sisi wa huku tukasema anadharauliwa kwa sababu tu anatoka Dodoma, na ubishi huo ulikuwa uishe Jumamosi ile alipopangiwa raundi sita na Kefa wa Morogoro, ambaye hakuna anayebisha uwezo wake.

Nilipoona nimepangwa jaji nilitakiwa kumwambia msimamizi kwamba yule ni mpangaji wangu, lakini nikanyamaza, maana lilikuwa pambano langu kubwa la kwanza. Halafu nilipokaa kwenye kiti hofu ikaniingia, nikawaza kwamba ikijulikana anaishi kwangu watasema nimempendelea, basi kila raundi iliyokaribiana nikampa Kefa. Jaji mmoja alimpa Abdulnasiri 58 kwa 56, wa pili akampa Kefa 58 kwa 56, na kadi yangu mimi, ambayo nayo ilikuwa 58 kwa 56, ndiyo iliyompa Kefa ushindi.

Video ya pambano nimeiangalia mara nne, na kila mara naona raundi ya pili na ya tano zilikuwa za Abdulnasiri, ningempa angeshinda yeye. Sasa promota aliyekuwa amemwahidi pambano Dar hapokei simu zake, redioni wanasema kumbe alikuwa anakuzwa tu, na yeye mwenyewe ameacha hata kukimbia asubuhi, anasema atarudi kwao akalime.

Wiki iliyopita alinikuta uani nachambua mlenda, akavuta ndoo akaikalia.

"Mama Lea," akasema, "hivi mimi watu wananichukulia chini, au hiki ndicho kiwango changu?"

Nikamuuliza kwa nini asimwulize kocha wake.

"Kocha ananipenda, hawezi kunivunja moyo. Wewe tunakaa nyumba moja na bado hukunipendelea. Ndiyo maana nakuamini wewe."

Bi Mwanaharusi, nikamjibu, "Mwanangu, bado hujakomaa." Akaniambia, "Sawa mama, nashukuru kwa kunieleza ukweli," akainuka akaenda kazini. Nikisema nitapoteza ujaji na nitampoteza na yeye, nikinyamaza ataondoka akiamini hajui ngumi. Na mimi mwenyewe sijui tena, je, anadharauliwa kweli au majuto ndiyo yananidanganya? Nisaidie.

Mama Lea, Mkonze

JIBU

Mama Lea, pole. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini maneno yangu sitayalainisha.

Kosa lako halikuanzia kwenye kadi. Lilianzia siku ulipoona majina ukanyamaza. Ulitaka pambano kubwa na ulitaka watu wasikuseme, vyote viwili ukavipata kwa mgongo wa huyo kijana. Ulipokosea zaidi ni pale uani. Kwenye ulingo uliogopa, naelewa, binadamu anaogopa. Lakini alipokuuliza ukiwa umekaa na mlenda wako, hakuna aliyekuwa anakutazama, na bado ulijikinga wewe kwanza.

Hiyo video acha kuiangalia. Siku ile hofu ilimpunguzia pointi, leo majuto yanamwongezea, na kwa vyovyote wewe si mtu wa kumpima tena. Kama anadharauliwa mimi sijui, na wewe hujui. Tunachojua ni kwamba siku ya kupimwa, mmoja wa waliompima hakuwa anaangalia ngumi, alikuwa anajiangalia mwenyewe.

Kwa hiyo mwambie. Mwambie kabla hujamwandikia mtu mwingine yeyote, mchana, akiwa hana haraka, na usilie, kwa sababu ukilia atalazimika kukubembeleza. Mwambie ulinyamaza, uliogopa, na lile neno kwamba hajakomaa halikutoka kwenye ngumi zake. Usimpambe kwamba ni bora kuliko wote, na usimwahidi kwamba matokeo yatabadilishwa. Kisha andika barua kwa wanaosimamia majaji, eleza kwamba ni mpangaji wako, omba pambano litazamwe na macho mengine, na usijaze kadi ya mtu yeyote mpaka wakujibu. Wakikuondoa, ondoka.

Akihama, usimfuate mlangoni kuomba akuelewe. Muda wa kuelewa aupange yeye.

Nyongeza: Jibu hili nilimsomea Mama Lea kwa simu siku kumi kabla ya kulichapa. Jana alinipigia. Amemwambia, na barua ameipeleka kwa mkono wake. Anasema Abdulnasiri alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja tu, "Raundi zipi?" Akamtajia. Kijana akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Hajahama, ila hamsalimii, na chai anakunywa kwa jirani. Barua haijajibiwa. Juzi asubuhi Mama Lea alisikia geti linafunguliwa kukiwa bado na baridi, akachungulia dirishani akamwona Abdulnasiri anafunga kamba za raba, halafu kijana akaanza kukimbia kuelekea barabarani.