Kadi Thelathini na Moja Kikapuni

Spånga, 4 Septemba 2022

Kaka Sixte,

Tumsifu Yesu Kristo. Mguu wako unaendeleaje, na wifi ameshapona kikohozi? Huku mimi na Bella ni wazima, ila kiuno changu kinanikumbusha ngazi zote ninazodeki.

Kaka, nina jambo. Ule ukumbi tunaosalia rozari, manispaa inataka kuuuza. Humo ndimo tulimomlilia marehemu mume wangu siku nne, maana ghorofani kwetu ukilia kwa sauti jirani anagonga ukuta. Jumapili ijayo ni uchaguzi. Kuna mama wa chama kimoja, Natalie, amekuja mara mbili. Anasema chama chake kikipata viti, ukumbi utabaki. Maneno ya wanasiasa unayajua.

Mimi nimekumbuka baba. Si alituambia zamani kwetu mtu mwenye shida alikwenda kwa Mwami, mfalme mwenyewe, na haendi mikono mitupu? Huku mfalme yupo. Basi nimeandika barua, nimetoa kikapu cha mama chenye mfuniko, na akina mama wote wamenipa kadi zao za kupigia kura nizitie humo, thelathini na moja pamoja na yangu. Aone kwamba tupo, na tumemchagua yeye. Kesho nakipeleka. Jumapili tutafunga na kusali ukumbini mpaka jioni.

Bella anacheka. Ananijibu kwa Kiswidi chake, "Mama, mfalme mwenyewe hata kura hapigi." Watoto wa huku hawana adabu kwa wakubwa.

Tuombee.

Mdogo wako,
Concessa

Katumba, Mpanda, 2 Oktoba 2022

Mdogo wangu Concessa,

Milele amina. Mguu unavimba na kunywea, nimeshauzoea. Wifi yako anakusalimu, anasema umtumie ile dawa ya kupaka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umezitia kadi kikapuni? Dada, unakumbuka tulivyoishi hapa, watoto wa wakimbizi, tukiwaona wenzetu wanapanga foleni siku ya kura na sisi tunapita pembeni na majembe? Mimi nilipiga kura mara ya kwanza mwaka 2015, baada ya kupewa uraia, nina miaka hamsini na mbili. Nilifika kituoni saa kumi na moja alfajiri. Nilivaa viatu vya harusi.

Na huyo Mwami wa baba, baba hakuwahi kumwona. Alihadithiwa tu, kama sisi.

Niambie mlipiga kura. Niambie mfalme alijibu nini.

Kaka yako,
Sixte

Katumba, 20 Novemba 2022

Concessa,

Huko salama? Wiki saba sasa, na si kawaida yako. Nimempigia Bella, anasema mama yupo ila hataki kuongea. Kama ni ugonjwa, sema. Kama ni aibu, mimi nilikubeba mgongoni ukiwa na surua, hakuna nisichokijua.

Sixte

Spånga, 11 Desemba 2022

Kaka Sixte,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Dawa ya wifi nimeituma. Mimi mzima wa mwili.

Ni aibu, kaka.

Kikapu kilirudi siku tatu baada ya uchaguzi, kimefungwa vizuri, kadi zote ndani. Barua yao ilikuwa ya heshima. Bella alinisomea: mfalme haingilii maamuzi ya siasa, katika nchi hii mamlaka yote yanatoka kwa wananchi. Kisha Bella akaikunja barua. Heri angecheka.

Chama cha Natalie kilikosa kiti kwa kura kumi na tisa. Mwezi uliopita baraza la manispaa lilipitisha, ukumbi unauzwa. Kumi na tisa, kaka. Sisi tulikuwa thelathini na mmoja.

Lakini siyo hayo yaliyonifunga mdomo. Hili sijalisema hata kwa padri. Jumapili ile, saa tisa alasiri, tuko kwenye rozari, mlango ukagongwa. Nikatoka mimi. Alikuwa Natalie, jasho linamtoka. Akasema, "Concessa, hata bila kadi mnaweza. Kitambulisho kinatosha. Kituo kinafungwa saa mbili, gari ninalo hapo nje." Nikamwambia tumefunga, tunamngoja Mfalme. Akanitazama, akaondoka. Niliporudi ndani mama Ghislaine akaniuliza, "Nani huyo?"

Nikasema, "Mtu amepotea njia."

Na rozari mkononi. Nilijua wangesimama na kwenda, na mimi ningebaki peke yangu na Mfalme wangu.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya akina mama nikasema yote. Hakuna aliyenitukana. Mmoja wao, Adelina, alisema tu, "Ungetuacha tuchague wenyewe, Concessa," kisha wakavaa makoti. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kurudisha kadi, ingawa sasa ni karatasi tu. Mama Ghislaine, kule Hässelby, nilimwacha wa mwisho. Ana miaka sabini na mmoja, uraia alipata mwezi wa nne mwaka huu, hajawahi kupiga kura popote duniani. Alinipa chai. Akafungua kabati akanionyesha gauni la kijani, bei bado inaning'inia kwapani. Alilinunua kwa ajili ya siku ile.

Nikamwambia alivae Krismasi. Akasema, "Hapana, si la Krismasi. Uchaguzi mwingine ni baada ya miaka minne. Wewe unajua kusali, Concessa. Niombee nifike."

Kaka, mimi ndiye ninayeongoza sala kila wiki. Nilifungua mdomo pale mbele ya kabati na haikutoka hata Salamu Maria. Akangoja, akaona, akaanza yeye mwenyewe. Nikaitikia.

Mdogo wako,
Concessa