Msumeno Unaomeza Vumbi Lake

Jumatatu, 6 Machi 1995

Leo kabla ya chai nimekata mbao kumi za mninga. Zote zimenyooka.

Uongo. Nimekata mkate. Nao umebomoka. Mbao ziko karakana, karakana ina kufuli, ufunguo uko shingoni mwa Agatha pamoja na rozari. Mwanangu mwenyewe. Muuguzi. Daktari kasikiliza kifua changu, kasema vumbi la mbao basi. Agatha kafunga siku hiyohiyo. Sasa nakaa barazani hapa Mafiga kama mtungi. Watu wananipa shikamoo, naitikia marahaba, wanapita. Nachukia.

Jumatano, 8 Machi

Agatha kalegeza. Kasikia kuna misumeno ya umeme ya kushika mkononi, yenye meno ya duara, inayokusanya vumbi lake yenyewe. Atanunua mmoja. Vumbi likinifikia, karakana anampangisha fundi cherehani. Nikasema sawa, mama. Mtoto niliyemwogesha mwenyewe.

Ijumaa, 10 Machi

Tumekwenda kwa Mzigua, mtani wangu, muuza vifaa. Siku hizi dukani kila kitu kipo. Zamani ulimkuta muuzaji na kalenda tu.

Misumeno miwili. Mwekundu, mpya, una mfuko wa kitambaa nyuma. Wa kijivu, mtumba wa Ulaya, umekwaruzika, hauna mfuko. Una mdomo tu, wa kuchomeka mpira wa mashine ya kunyonya vumbi.

"Chagua upesi, Mluguru," akasema Mzigua. "Jeneza lako sitaki kulichonga kwa msumeno wa kuvuta."

Nikamjibu Mzigua hajui kuchonga hata mwiko. Akaniletea ubao wa kujaribia. Mwekundu ukanguruma, mfuko ukavimba, sakafuni hakuna kitu. Nikauchukua mwekundu. Agatha kalipa, kanivalisha ufunguo. Nimerudi nyumbani natembea kama bwana harusi.

Jumamosi, 11 Machi

Mpumbavu mimi. Ubao wa jana ulikuwa mbichi. Mgrevilia, umeshushwa mlimani juzi na mvua zake. Ubao mbichi hutoa unga mzito kama chicha, hata soksi itaukamata. Leo nimekata mninga mkavu, uliokaa darini miaka. Unga laini kama poda ya mtoto. Ulipita kwenye kile kitambaa kama moshi kwenye makuti. Nimekohoa mpaka nikaona nyota mchana.

Fundi mzima, nimejaribia ubao mbichi. Wanafunzi wangu wangefanya hivyo ningewachapa.

Agatha alikuwa zamu. Nimefagia, nimemwaga maji. Sijasema.

Jumatatu, 13 Machi

Nimeurudisha mwekundu. Ukutani Mzigua kaandika mali ikishauzwa hairudi. Nikamsomea kwa sauti, herufi moja moja, afurahi. Kisha nikauweka mwekundu mezani, nikaukumbatia wa kijivu, nikatoka. Mtani akichukua chako hukasiriki. Ukikasirika umeaibisha ukoo.

Alasiri kaja mwenyewe, kabeba mashine ya kunyonya na mpira wake.

"Umeiba kichwa, shingo umeniachia. Mwizi gani wewe?"

Agatha alikuwepo. Kauliza kilichokuwa kibaya kwenye ule mwekundu. Mzigua akacheka. Mimi sikucheka. Ikabidi niseme ya Jumamosi. Ufunguo umerudi kwenye rozari.

Keshokutwa ataupima huu wa kijivu. Kasema, "Mara ya mwisho, baba." Hakupandisha sauti. Naogopa.

Jumatano, 15 Machi

Agatha katundika gauni lake jeupe la kazini mle karakana, karibu na benchi. Nikate, akirudi toka sokoni ataliangalia. Akaondoka.

Kitambaa puani. Mpira umechomekwa. Mninga mkavu uleule. Ni msumeno huu, si mchezo. Unga unauona unakimbilia mdomoni mwake, unapotea. Nimepasua ubao toka mwanzo hadi mwisho bila kukohoa. Nilifurahi kijinga. Niliimba.

Nikazima. Nikavua kitambaa. Gauni jeupe. Nikalisogelea. Mabegani kuna kivuli, rangi ya chai ya maziwa. Kidogo sana. Nikaona kwa nini nimsumbue mtoto kwa kitu kidogo hivyo. Nikalikung'uta.

Hapo ndipo vumbi liliponiingia lote. Agatha kanikuta nimekaa chini, gauni nimelikumbatia, nakohoa.

Jumapili, 19 Machi

Mvua imekatika. Mlima unaonekana hadi juu. Kifua kimetulia kidogo.

Agatha hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Jana kaurudisha msumeno kwa Mzigua. Anasema mtani kaupokea, kamrudishia hela yote, hakutania hata neno. Mzigua yule. Fundi cherehani anahamia mwisho wa mwezi. Kesho watu wake watatoa benchi.

Agatha yuko jikoni, namsikia anachambua mchele. Haya sitayaweza kwa mdomo, nitaanza mzaha katikati. Nitamwachia daftari hili wazi. Mwanangu, ulipokuwa mdogo mama yako alikukataza kuingia karakana, utajaza maranda kwenye nywele. Akienda kisimani nilikuwa nakufungulia. Ulilala chini ya benchi, nami nikapiga randa polepole nisikuamshe. Mama yako aliponiuliza maranda yametoka wapi, nilimwambia sijui.

Hujanilipa hilo. Nifungulie na mimi, kabla hawajaja. Sitawasha kitu. Nitakaa tu pale chini, ninuse, kisha ufunge.