Sayari Uliyoililia, Nafula

Nafula mwanangu,

Nimeanza barua hii mara tatu, na mara tatu nimeikunja, kwa sababu sijui nakuomba msamaha wa nini hasa. Najua tu kwamba nilikukosea. Tangu ile Jumapili hujapiga simu. Unatuma ujumbe wa maneno matatu, "Niko salama, Mama," nami nausoma na kuurudia kama kuna mengine yamejificha nyuma yake. Naandika kwa Kiswahili, kile tulichokulea nacho, maana baba yako hakuwahi kukishika Kijaluo wala mimi Kiluhya.

Unakumbuka ulipokuja likizo ya mwisho? Ulikaa nami kibandani pale sokoni Otonglo, umejifunga leso yangu, ukiwauzia watu nyanya kama hujawahi kuondoka. Mama Otieno, jirani yangu anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, akakuuliza huko ng'ambo unasomea nini, maana mimi, niliposikia ni mambo ya angani, nilikuwa nimemwambia ni mvua. Hukunicheka. Ulichagua nyanya iliyoiva kupita kiasi, ile ambayo hakuna mteja angeichukua, ukaiweka juu ya gunia.

"Nyota ninayoisomea ni kama hii. Imezeeka. Imevimba, imekuwa nyekundu." Ukachukua punje ya maharagwe, ukaizungusha polepole kando ya nyanya. "Na hii ndiyo sayari yake."

"Umeiona na macho?" Mama Otieno akauliza.

"Hapana, ni ndogo na iko mbali sana. Lakini nyota yenyewe inayumba kidogo, huku na huku, kama kuna kitu kinaivuta. Ndivyo tunavyojua sayari iko."

"Sasa hiyo nyota ikizidi kuvimba?"

"Siku moja itaimeza."

"Ai! Immeze mtoto wake?" nikasema.

Ulicheka mpaka machozi yakakutoka. "Si mtoto wake, Mama." Lakini nilikuona. Ile punje hukuitupa. Uliirudisha taratibu kwenye gorogoro, lile kopo la kupimia, kama yai. Kuanzia siku hiyo nikawa namwambia kila mtu kanisani kwamba binti yangu ana sayari.

Kisha ikaja ile Jumapili. Tulikuwa tumetoka ibada, nasonga ugali, simu ikalia, na kabla hata ya salamu nikasikia unalia. Nilidhani kuna mtu amekufa.

"Mama, haipo."

"Nini haipo?"

"Sayari. Haijawahi kuwepo. Ni nyota yenyewe tu, ni uzee wake unaoitikisa hivyo. Miaka sita, Mama."

Nilijaribu kuelewa haraka haraka. Nikamwaza mtu anayeona maji ya ziwa yakitikisika, akasema hapo kuna samaki, kumbe ni maji tu. Nikakuambia neno lililokuja kwanza: "Usilie. Utapata ingine."

Ukasema, "Huelewi, Mama," na simu ikakatika.

Kesho yake nikamsimulia Mama Otieno. "Analilia kitu hakijawahi kuwa?" akasema, akacheka, na mimi nikacheka naye. Nakuambia hili kwa sababu linaniuma. Mchana ule ule, nikipanga nyanya, ndipo nikakumbuka. Yale maneno niliyokupa nilikuwa nimewahi kupewa mimi, nikiwa mimi ndiye ninayelia.

Kuna jambo hatujawahi kukuambia. Kabla yako nilikuwa na mimba nyingine. Ilifika mwezi wa nane. Mtoto alikuwa akinipiga teke kila nikikaa kula. Kisha akatulia, na alipozaliwa, alizaliwa kimya. Baba yako alikuwa kwao Busia. Alifika siku ya tatu, mambo yote yamekwisha. Akina mama wa kanisa walikuja wakaniambia, "Utapata mwingine." Shangazi yangu akasema hakuwa mtu bado. Matanga hayakuwekwa. Nilirudi sokoni maziwa yakilowesha blauzi, na watu wakaniuliza bei ya nyanya.

Mwaka uliofuata ukaja wewe.

Kwa hiyo walisema kweli, na hapo ndipo ninapopotea. Nilipata mwingine, na huyo mwingine ni wewe, na siwezi kukubadilisha na yeyote. Lakini maneno yale siyapendi mpaka leo. Neno linawezaje kuwa la kweli na bado likawa limenikosea? Wala sijui kama ni haki kulinganisha. Wangu nilimbeba. Yako hukuiona hata siku moja, na sasa mnasema haikuwepo kabisa. Mtu analilia nini hapo? Siku nyingine naona msiba wako ni mwepesi kuliko wangu. Siku nyingine naona ni mzito zaidi, maana mimi nikiambiwa nilijidanganya, najua sikujidanganya. Halafu naiwaza ile nyota, kwamba muda wote huo ilikuwa inazeeka peke yake, na sijui kwa nini hilo nalo linanisumbua. Nikifikiri sana kichwa kinaniuma, naenda kuteka maji.

Juzi nilimwambia baba yako. Tulikuwa tunakunywa chai asubuhi, redio iko juu.

"Baba Nafula, yule mtoto wa kwanza nilimpa jina."

Akazima redio. Nilidhani ataniambia niachane na mambo ya zamani. Akaweka kikombe chini, akauliza, "Alikuwa msichana?"

Miaka thelathini na zaidi, Nafula. Hakujua. Aliniambia aliogopa kwamba akiuliza ataniumiza, na mimi miaka yote nilidhani hakutaka kujua.

"Msichana," nikamwambia. "Alizaliwa saa sita mchana, jua linawaka. Nilimwita Achieng, jina letu la mtoto wa jua."

Akalitamka mara mbili, polepole, kama mtu anayejifunza. Kisha akachukua jembe akaenda kwenye mihogo yake. Nilimwona dirishani, amesimama nalo tu, halimi.

Na mimi sikukuuliza kitu ile Jumapili. Mligundua vipi? Ulikuwa na mtu karibu, au ulikuwa peke yako? Ulipokuwa ukiiwaza, uliiona ikoje, ya mawe matupu au ina maji? Mlikuwa mmeipa jina? Piga simu saa yoyote. Niambie hata yale nisiyoweza kuyaelewa. Nitauliza, kisha nitanyamaza nikusikilize.

Mama yenu, wewe na Achieng