Alhamisi za Mama

Voi, 12 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo na baridi ya Ronge haijakurudishia kikohozi. Mimi mzima, ila nimechoka. Simu najua haikusaidii tangu mashine ya mkonge ikuharibie masikio, kwa hivyo jirani yako Everlyne atakuletea barua hii akitoka kuuza nyanya zake.

Uliuliza nasomea nini hasa. Ni usimamizi wa kesi. Wanaotaka kuacha pombe au dawa za kulevya wanakuja kituoni kwetu, na kila mmoja anapewa mtu wa kutembea naye: kupanga naye, kumtafutia daktari na kitanda, kumfuata asipoonekana. Mwalimu wangu ni Bi Nzilani. Mteja wangu wa kwanza nitamwita Ben, kwa sababu jina lake siruhusiwi kulitaja. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na chang'aa anaanza asubuhi. Akiacha ghafla anatetemeka mpaka anaanguka, kwa hivyo lazima aache akiwa hospitalini. Hospitali inataka bima. Bima inataka kitambulisho, nacho kilipotea. Kipya kinataka barua ya chifu, na chifu yuko likizo. Nimeenda mara nne! Ijumaa naibu wake akaniuliza, "Dada, huyo mlevi ni nduguyo?" Nusura nilie mbele yake.

Bintiyo,
Hannah

Ronge, 20 Mei 2025

Mwanangu Hannah,

Salamu nyingi. Huku ni salama, maharagwe yametoa maua.

Mimi najua kesi ni ya kortini, na mteja ni mtu anayenunua kitu. Huyo Ben ananunua nini kwako? Nilikunywa miaka kumi na saba, wewe mwenyewe unakumbuka. Siku moja mwaka wa 2014 niliamka nikasema basi, ikawa basi. Hakuna aliyenifungulia faili. Mwambie hivyo. Mwanamume akiamua ameamua. Na wewe wacha kuzunguka kwa machifu, utamaliza viatu.

Babako,
Timotheo

Voi, 9 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo kwa mwili. Kwa roho, usiniulize.

Chifu alirudi, karatasi zikapatikana, kitanda kikapatikana cha Jumatatu iliyopita. Ben hakuja. Nilimfuata karakana nikamkuta ameketi nje, amelewa, analia. Jumamosi kabla ya hapo, kwenye kikao cha wateja, nilikuwa nimewasimulia wote habari yako, vile uliamka siku moja ukaacha. Akaniambia, "Baba yako ni chuma, Hannah. Mimi hata siku moja siwezi. Mbona nikalie kitanda cha mtu mwingine?"

Bi Nzilani akanikemea. "Mpango ni wa Ben, si wa baba yako. Ulimpa mfano, au ulimwonyesha kwamba ameshindwa?" Nilibishana naye, Baba. Nilimwambia wewe ni ukweli, si mfano.

Tafadhali njoo uongee nao. Wakikuona watajua nawe ni mtu, uliteseka. Jumamosi tarehe 28, saa nne. Hujashuka Voi tangu tumzike Mama mwezi wa kwanza, nami nimekukosa.

Bintiyo,
Hannah

Ronge, 16 Juni 2025

Mwanangu,

Nimepata. Mimi mzima. Nitakuja. Waambie wasiniulize maswali mengi.

Babako

Voi, 30 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Hujambo?

Watu kumi na mmoja walikungoja mpaka saa saba. Ben alikuwepo, amevaa shati lililopigwa pasi, na asubuhi hiyo hakuwa amekunywa sana. Unajua ilinichukua nini kumleta? Mwishowe akasimama akasema, "Hata wazee wa chuma wana shughuli zao," akaondoka. Karakana hayupo. Simu yake imezimwa.

Everlyne anasema huumwi. Basi ni nini? Nimeaibika mbele ya mwalimu wangu na mbele ya watu ambao kila mtu huwaahidi halafu haji.

Niandikie.

Hannah

Ronge, 17 Agosti 2025

Mwanangu Hannah,

Salamu. Nimeanza barua hii mara nyingi. Leo ni Jumapili, sijaenda kanisani, na sijanywa tangu jana jioni, kwa hivyo mkono unatetemeka. Vumilia mwandiko.

Siku ile nilivaa koti nikafika Mwatate. Nilishukia hapo, nikaingia mahali nikanywa. Nakunywa tangu mwezi wa pili. Everlyne anajua, nilimwomba asikuambie. Ningesimamaje mbele ya watu wako?

Kuna lingine baya zaidi. Mwaka ule sikuamka nikaacha. Nilijaribu nikaanguka mara tatu. Mama yako ndiye aliyenipeleka kliniki Wundanyi, kila Alhamisi, mwaka mzima. Alikuwa akikaa kwenye benchi mpaka nitoke, kwa sababu akiniacha peke yangu nilitoroka. Alimwomba msimamizi wa shamba la mkonge asinifukuze kazi. Aliandika kwenye daftari siku nilizoshinda na siku nilizoshindwa. Baadaye nikawaambia watu nimeacha mwenyewe, naye akanyamaza. Nilimnyang'anya kazi yake, na sasa hayupo nimwombe radhi.

Babako,
Timotheo

Voi, 21 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa chooni kituoni ili wenzangu wasinione.

Nimekukasirikia sana, sitaficha. Miaka yote nilidhani Alhamisi Mama yuko kwenye chama cha akina mama. Nami nilinyamaza wiki saba nikidhani nakuadhibu, kumbe nilikuwa nakuacha.

Nilimwomba Bi Nzilani nikufungulie faili. Akakataa. "Wewe ni mtoto wake. Huwezi kuwa mtoto na msimamizi wake kwa pamoja, utaharibu vyote viwili." Nilikasirika tena. Mwezi wa nne wa mafunzo, na mtu ninayetaka kumsaidia kuliko wote ndiye nakatazwa. Lakini najua yuko sahihi.

Kwa hivyo nakuambia kama mtoto. Usiache ghafla ukiwa peke yako, ni hatari. Kliniki ya Wundanyi yuko mhudumu anaitwa Festus. Muulize yeye. Kwenda ni uamuzi wako. Jumamosi nitakuja kukupikia tu, sitakuhoji.

Ben nimempata, anachomelea mageti Mwatate na bado anakunywa. Naomba ruhusa nimwambie ukweli wa habari yako.

Bintiyo,
Hannah

Ronge, 9 Septemba 2025

Mwanangu Hannah,

Salamu. Ule wali ulitosha siku mbili.

Mwambie Ben yote. Mwambie na zile mara tatu nilizoanguka.

Alhamisi nilifika kliniki, nikakaa, jina langu likaitwa nikatoka nje nikarudi nyumbani. Nilijichukia. Leo nimerudi. Festus ni kijana, lakini hana haraka. Ameniandikia dawa, na Alhamisi narudi tena. Sikuahidi zaidi ya hapo, naye hakuniomba.

Kwenye fomu waliuliza, usipokuja tumtafute nani? Zamani jina hapo lilikuwa la mama yako, Dinah. Nilishika kalamu muda mrefu, mpaka mama mmoja kwenye foleni akanigusa bega. Nikaandika Hannah, binti.

Kama hutaki, niambie niwape jina lingine.

Babako