Kaka Swaleh, Goti Lako Lilikuwa Zima

Kaka yangu Swaleh,

Nakusalimu popote ulipoegesha lori. Anwani yako sina, na ile namba uliyoniachia siku hizi hujibiwa na mwanamke asiyekujua. Kwa hivyo barua hii sikuitia kwenye bahasha. Nimeitoa nakala, nawapa madereva wetu wa Grand Prairie na Carrollton wanaosoma Kiswahili, na kila mmoja namwambia aisome kwanza yeye mwenyewe, haina siri. Labda mmoja wao atakutana nawe kwenye kituo cha mafuta akutambue kwa hayo mabega.

Mwandiko wangu waujua, niliishia darasa la nane. Utanivumilia.

Wakumbuka mechi zako za kwanza za mpira wa Kimarekani hapa, ulipokuwa bado shule ya sekondari? Baba alikuwa akitoka ghalani moja kwa moja, hata ile fulana ya kung'aa hajaivua, anakaa nami kwenye zile mbao baridi za watazamaji. Hakuelewa kitu. "Mbona kila saa wanasimama? Huu mpira au foleni ya unga?" Watu wa mbele yetu waligeuka, nami nikaona haya. Lakini hakukosa hata mechi moja. Ulipokwenda chuo Houston, kila Jumamosi ya mechi tulikuwa barabarani tangu asubuhi na chupa ya chai, na baba akiimba peke yake kwenye usukani.

Kazi yako ilikuwa kumwangusha mwenye kubeba mpira. Mimi si mjuzi, lakini hata mimi niliona. Wenzako walianza kukimbia mpira ukishatoka. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Nilikuuliza wajuaje anakokwenda, ukasema, "Mtu huangalia anakotaka kwenda, dada. Hata akijificha, macho humsaliti." Mwaka wako wa mwisho watu wakaanza kusema timu kubwa zinakutazama, na kwamba wakati wa kuchagua wachezaji wapya huenda jina lako likasomwa.

Ndipo ukamweleza baba kuhusu ile siku ya kupimwa. Kwamba baada ya msimu watakuja watu na stopwochi, mtakimbia, mtaruka, mtanyanyua vyuma, na wao wataandika. Nilimwona baba akikaa sawa kwenye kiti. Hilo alilielewa. Hatimaye Marekani ilikuwa imesema jambo analolijua.

Wewe hukuisikia hadithi yake mara nyingi kama mimi. Baba alishika namba za mbele darasani tangu la kwanza hadi la saba. Siku ya mtihani wa kwenda sekondari alikuwa na malaria, anatetemeka mpaka kalamu ikamwanguka. Akafeli. Hakuna aliyeuliza miaka yote ile alikuwa nani. Akaenda kubeba magunia bandarini.

Basi akakuita jikoni. Nilikuwa naosha masufuria.

"Mechi ngapi zimebaki?"

"Tatu."

"Usicheze."

Ulicheka. Yeye hakucheka.

"Mechi ni mazoezi, mwanangu. Mtihani ndio mtihani. Ukivunjika mguu sasa, siku ile utakwenda na nini? Mwambie mwalimu wako goti linauma."

"Baba, huku si hivyo. Wao hutazama na mechi."

"Wameshaziona za kutosha. Kila mahali ni hivyo. Mimi nayajua haya."

Ulinitazama, nami nikatazama masufuria. Ulikuwa na mwili wa kumbeba baba kwa mkono mmoja, lakini hukuwa umewahi kumjibu mara mbili. Ukaenda ukamwambia kocha goti. Timu ikacheza bila wewe, ikapigwa, na mahali pako akaingia yule mwenzako mnene mliyemwita Jokofu.

Siku ya kupimwa tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Baba alivaa koti lake la Idi. Ulipokimbia, wale watu walizitazama saa zao, kisha wakatazamana. Mmoja alipiga mluzi. Baba midomo yake ilikuwa ikitembea kwa dua, akanibana mkono: "Amepita. Amepita huyu." Jokofu alipokimbia, alikimbia kama mtu aliyebeba kabati ngazini, na baba, Mungu amsamehe, alimhurumia kwa sauti.

Kisha akaja yule mzee wa kofia, mmoja wa wale wapimaji. Sisi tulikuwa tumesimama nyuma yako, nikamsikia vizuri.

"Hizo mechi tatu za mwisho ulikuwa wapi?"

"Goti, bwana."

"Goti hili lililokimbia sasa hivi?"

Uliinama kufunga kamba za viatu. Akasema namba zako ni nzuri kuliko za wote waliokuwa pale. Akasema pia timu yako ilikuwa inazama na yeye alitaka kuona nani atabaki ndani. Alikugonga bega kwa upole, akaenda kuzungumza na Jokofu. Baba aliniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia amesema umekimbia vizuri.

Zile siku za kuchagua, baba alipika pilau. Runinga ikataja majina mpaka yakakosa maana. Simu ililia mara moja tu, ukairukia. Alikuwa shangazi wa Carrollton, anauliza kama simu imelia. Karibu na mwisho wakamtaja Jokofu. Uliinuka, ukamwambia baba bila kupandisha sauti, "Wao hawakuniacha, baba. Ni wewe uliyenitoa." Ukachukua mkoba. Mpaka leo.

Sasa nikwambie usiyoyajua.

Mwaka uliofuata baba aliendesha gari peke yake mpaka Houston. Alimwendea kocha wako akamwambia goti lilikuwa zima, uongo ulikuwa wake. Kocha akamjazia boksi la kanda za video za mechi zako. Baba alikuwa akizitazama kila siku asiyokuwa na zamu. Amejifunza mpira wenyewe, kaka. Alikuwa akiisimamisha kanda, anamwita binti yangu Nasra ambaye bado anavaa nepi, anamwonyesha kwa kidole: "Tazama mjomba wako. Mpira bado uko chini, yeye ameshajua. Saa gani itapima hiyo?"

Siku hizi hana zamu tena. Kiharusi kimempiga upande wa kulia. Maneno yanatoka nusu nusu, mimi humlisha. Daktari hasemi vibaya na hasemi vizuri. Jina lako hulitamka lote.

Sikuandikii nikuambie hakukosea. Alikosea, na aliyelipa ni wewe. Lakini nimekaa nikawaza. Wewe umemshika baba kwa siku ile moja ya jikoni. Haya, na zile Jumamosi zote? Na ile baridi ya kwenye mbao, mtu ametoka kubeba maboksi usiku kucha, haelewi hata wanachopigia makofi, na hajaondoka? Mtazame kwa mechi zake zote, kaka, ndio umhukumu. Ukimwona bado hafai, nitanyamaza.

Mimi nina matumaini, wajua nilivyo. Nyumba ni ile ile. Kama hujui la kumwambia, usiseme kitu. Ingia tu, mchukue kijiko mkononi mwangu, umlishe wewe.

Dada yako,
Mama Nasra