Shikamoo, Nyuzi Themanini

Jumanne, mchana. Jua kali, vumbi la stesheni ya treni iliyo jirani na shule limeingia mpaka kwenye daftari. Nina furaha mbaya leo na sioni aibu.

Mwezi uliopita mwalimu wa kemia aliuliza joto la maji yaliyokuwa mezani ni kiasi gani. Nikasoma kipimajoto, nikajibu nyuzi themanini. Kwetu Bukene joto ni joto, lina nyuzi, basi. Mwalimu akanisahihisha kwa upole: nyuzi ni za jotoridi, yaani kiwango cha ukali wa joto; joto lenyewe ni nishati, hupimwa kwa jouli. Lakini Masanja, anayekaa nyuma yangu, akanibatiza Nyuzi Themanini. Tangu hapo kidato cha sita kizima hakinijui kwa jina jingine.

Nililia chooni. Kisha nikaapa.

Nilisoma sura ya joto kitabuni mpaka kurasa zikalegea. Kilichonikwamisha ni kimoja: kwa nini gesi iliyoachwa itanuke, mgandamizo ukibaki uleule, inataka joto zaidi kupanda nyuzi moja kuliko gesi iliyofungiwa isitanuke? Jumapili nilikuwa napika maharage, mvuke ukawa unanyanyua mfuniko, nikaelewa. Kule kunyanyua ni kazi, na kazi inakula joto. Linalobaki tu ndilo linalopandisha nyuzi.

Leo mwalimu amechora gesi chini ya pistoni, kifuniko kinachopanda na kushuka, akauliza hilohilo. Masanja akasimama kwa mbwembwe, akasema joto la ziada limepotea, chombo kinavuja. Nikanyoosha mkono.

"Halijapotea," nikasema polepole, nikimtazama yeye, si ubao. "Limesukuma pistoni."

Mwalimu akasema, "Hapo sawa." Darasa likapiga makofi.

Hata asali ya kwetu haijawahi kuwa tamu hivyo.

Baada ya kipindi Masanja akanifuata. Mtihani wa majaribio ni Ijumaa, anaomba nimwelekeze. Nikamwambia aniamkie kwanza. Kanizidi miezi minne, lakini nilitaka shikamoo yake, tena mbele za watu. Najua ni roho mbaya. Mama angenifinya.

Akatazama pembeni.

"Shikamoo, Nyuzi Themanini."

Nikaondoka bila kuitikia.

Naitwa Nyamizi. Marahaba yake ninayo, nimeitunza, na ataipata siku atakayoniamkia kwa jina alilonipa mama. Ana Jumatano na Alhamisi tu. Tuone nani ataanza kuchemka.