Sweta la Shangazi na Tumbo la Mheshimiwa

Nyumba ya pili, nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumapili, 14 Juni.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema, na kwamba goti lako la kushoto limekubali kupanda ngazi bila kulalamika. Sisi huku ni wazima. Baba anasumbuliwa na macho tu, mengine yote anadai ni ya kijana. Mheshimiwa naye yupo, na habari za mbwa huyo ndizo zitakazojaza karatasi hii, kwa hiyo kaa vizuri.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilimsomea baba ukurasa wa kwanza wote, akacheka pale uliposema jirani yako anafua nguo huku akiziimbia. Ukurasa wa pili, ule unaoomba kurudi kuishi nasi kwenye chumba kidogo kwa sababu nyumba imekuwa kubwa mno tangu marehemu mumeo aondoke, sikumsomea. Niliukunja nikasema barua imeishia hapo. Jibu la ukurasa huo ni langu, na jibu lenyewe ni hapana. Nimeona nikuambie mapema, usije ukasoma barua nzima ukiwa na matumaini.

Sababu ni tumbo la mbwa. Najua utaguna. Guna, kisha endelea kusoma.

Unakumbuka daktari wa mifugo alivyotueleza siku ile, wewe ukiwa umempakata Mheshimiwa mapajani ingawa ni mbwa wa kilo ishirini. Alisema utumbo wake umevimba, na ugonjwa wenyewe hauponi, unatulizwa tu. Ale nyama ya aina moja, ambayo hajawahi kuila, tukachagua sungura. Viazi vya kuchemsha, bila chumvi wala mafuta. Milo mitatu midogo, kidonge asubuhi, sindano ya vitamini kila wiki. Na kisichoandikwa kwenye karatasi yake kisipite mdomoni mwa mbwa huyu, hata punje. Ulitikisa kichwa kukubali kuliko sisi sote.

Mimi kazi yangu pale kiwandani ni kutafuta mkate ulioharibika umeharibikia wapi, kwenye unga, kwenye mashine au kwenye mkono wa mtu. Kwa hiyo nilifungua daftari. Kila siku niliandika alichokula, uzito wake, na choo chake kilivyokuwa: kigumu, laini, maji, damu. Baba aliomba daftari hilo lisikae karibu na meza ya chakula. Kwa miezi mitatu yote uliyokaa nasi, daftari halina hata wiki moja safi. Siku mbili nzuri, ya tatu maji. Mbavu zikaanza kuonekana moja moja, akashuka hadi kilo kumi na tano. Daktari akaongeza dawa, akabadilisha dawa, mwisho akaanza kuzungumza nami kwa sauti ya chini, ile ambayo watu huitumia wakitaka ujiandae.

Nikamshuku baba. Mkono wake unatetemeka, na makombo yanaanguka. Nikamhamishia jikoni, mlango ukiwa umefungwa, akawa anakula peke yake akitazama ukuta kwa wiki sita. Hakubisha hata siku moja. Wewe ulikuwa unampelekea maji ya kunywa na kumwambia avumilie, maana mbwa ni mgonjwa.

Siku uliyoondoka ulisahau sweta lako la kahawia nyuma ya mlango wa chumba kidogo. Nilitaka kulifua nikutumie. Mfuko wa kulia ulikuwa mgumu. Nilitoa vipande vya biskuti, ngozi ya kuku iliyofungwa kwenye karatasi, na kipande cha soseji chenye alama za meno yako, maana ulikuwa unamtafunia kwanza ili apate wepesi. Nilikaa kitandani kwako nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Asubuhi ile alipotoa damu sakafuni, ulikuwa umepiga magoti unamfuta mdomo ukisema, "Pole baba, pole. Nani kakufanyia hivi?" Na sweta ulikuwa umelivaa. Nilivyokumbuka hilo nilikasirika nikalirudisha palepale nyuma ya mlango, hata kulifua sikulifua.

Sisemi ulikuwa na nia mbaya. Umepika shule ya bweni miaka thelathini, na kwako wewe kila anayekutazama usoni ana njaa. Hata mimi, mwaka ule mama alipolazwa, ulinilisha kutoka kwenye mfuko wa sweta, biskuti zenye nyuzi za sufu, na bila biskuti zile sijui ningekuwa wapi. Lakini mimi nilikuwa na tumbo zima.

Nilipomwonyesha baba vile vipande, aliangalia pembeni. Alikuwa anajua tangu wiki ya kwanza. Alikubali kula na ukuta ili dada yake asiambiwe neno. Nimemrudisha mezani, ila kumwomba radhi bado sijaweza, kila nikitaka kuanza nakukasirikia wewe.

Basi ukaondoka, na siku ya tisa Mheshimiwa akatoa choo kigumu. Nilikiandika kwa herufi kubwa. Wiki ya pili kigumu, wiki ya tatu kigumu. Daktari akasema utumbo umetulia. Wiki ya nne mbwa akaacha kula.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa analala mbele ya chumba kidogo, pua kwenye upenyo wa chini ya mlango. Nyama anainusa, anageuka. Nilimlisha kwa kijiko, akaiacha idondoke. Daktari alimpima kila mahali, akakuta tumbo halina neno, akaniuliza kama kuna mtu wa nyumbani aliyeondoka hivi karibuni. Nikamwambia hapana. Baba alikuwa amekaa pembeni yangu, akakohoa.

Asubuhi moja ya baridi nilikuwa nafagia chumba chako, nikajitupia lile sweta mabegani. Mheshimiwa akasimama. Akanifuata jikoni mkia ukigonga makabati, akamaliza bakuli lote na kulilamba. Tangu siku hiyo navaa sweta lako mara tatu kwa siku, dakika kumi kila mlo. Mfuko wa kulia nimeushona. Akishamaliza kula anaweka pua kwenye mshono, anakaa hapo mpaka nivue. Alikuwa amefika kilo kumi na saba na nusu.

Shida ni kwamba harufu inaisha. Sweta sasa linanuka mimi na viazi. Wiki hii ananusa mkono wa sweta, ananitazama usoni, anakula nusu. Jana alinusa, akanitazama, akarudi kulala mlangoni pako. Kilo moja imeshashuka, na kidonge chake hakitolewi tumbo likiwa tupu. Akiendelea hivi wiki mbili tutarudi kwenye ile sauti ya chini ya daktari.

Najua unachofikiri sasa hivi. Unafikiri dawa yake ni wewe. Baba naye angesema hivyohivyo, ndiyo maana simwulizi. Ila mimi nakujua, shangazi. Ungeniapia kwa kila kitu, na ungekuwa na nia kweli, na siku ya tatu angekutazama wakati unakula. Mheshimiwa angekufa akiwa na furaha mikononi mwako, halafu ungelia kuliko sisi sote. Nakupenda, lakini kati ya upweke wako na utumbo wake nimechagua utumbo. Wewe angalau unaweza kumwandikia mtu barua. Isitoshe, kwenye chumba kidogo nimeshaingiza friji ya nyama ya sungura, na pale palipokuwa na kitanda pana magunia ya viazi.

Ninachoomba ni hiki. Nitumie sweta jingine. Livae wiki nzima, pika nalo, lala nalo, usilifue, kisha lifunge kwenye mfuko wa plastiki hewa isiingie. Ukiweza, liwe la sufu, la sufu linashika harufu zaidi.

Baba anakusalimu sana. Kila Jumapili ananiuliza kama umesema utakuja lini, nami namwambia umeshazoea huko na una marafiki tele. Nisalimie jirani yako mwimbaji, na binamu yangu fundi saa akipita kukuona. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri na magoti yasiyo na maneno.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kwa namna yangu,

Yule wa biskuti.

Tena: kabla hujalifunga sweta, kagua mifuko.